Krosheti, sindano mbili, viraka vya vitenge au ukili: nianze na kipi?

MamaWawili (Morogoro)
Habari za jioni jamani. Natafuta kazi ya mikono ya kufanya usiku watoto wakishalala, maana simu imenichosha macho na roho. Naona wengine wanafuma vitambaa vya makochi, wengine masweta, na jirani yangu anaunga vipande vya vitenge, anapata shuka zuri ajabu. Cherehani sina. Ninaye mtoto wa mwaka na nusu anayeamka saa anayotaka yeye. Mngekuwa ninyi mngeanza na kipi?

fundi_Njombe
Mimi ni mwanaume na nafuma masweta. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Huku kwetu Juni na Julai baridi haina mzaha, na kwa sweta sindano mbili hazina mpinzani: kitambaa kinanyumbulika na kinashika mwili. Ila kwa hali yako, dada, sikushauri. Sindano inabeba vitanzi vyote vya mstari kwa pamoja. Mtoto akiichomoa, vitanzi arobaini vinabaki hewani, na kimoja kikiponyoka kinafumuka kwenda chini mstari baada ya mstari. Halafu kuna vipimo. Niliwahi kumaliza mgongo mzima wa sweta, nikampimia kijana wangu, ukawa wa kumtosha mbuzi. Siku hizi nafuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, nahesabu vitanzi, ndipo naanza.

uzi_na_ndoano
Krosheti, bila kupepesa macho. Sindano ni moja, ina kindoano nchani, na muda wote unashika kitanzi kimoja tu. Mtoto akilia, unakivuta kiwe kirefu, unatia kila kitu mfukoni, unakwenda. Ukirudi unaendelea ulipoishia.

Usianze na uzi ule mwembamba wa vitambaa vya makochi, utakata tamaa siku ya pili. Chukua sindano ya milimita 4 au 5, uzi mnene, rangi nyepesi. Uzi mweusi usiku, chini ya balbu moja, huoni hata pa kuingiza ndoano.

viraka_tu
Uzi unanunuliwa, mwenzangu. Viraka unapewa. Nenda kwa fundi cherehani yeyote Jumamosi jioni, angalia chini ya meza yake.

Na cherehani si lazima, mimi nilishona shuka langu la kwanza lote kwa mkono. Kata kadibodi ya mraba iwe kipimo chako, chora, kata, unga viwili viwili, kisha piga pasi kila unapounga. Hapo kwenye pasi ndipo wavivu wanapojulikana! Safu ya kati niliweka blanketi kuukuu, chini khanga, nikapitisha mishono kushikamanisha zote tatu. Lakini fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Mimi sikufua, na kitenge chekundu kikatema rangi juu ya cheupe mara ya kwanza tu shuka lilipogusa maji. Lile doa bado nalala nalo.

Kama una khanga iliyochakaa, usikate ovyo. Hifadhi jina lake, liweke katikati ya shuka. Langu limeandikwa "Wema hauozi".

mtoto_wa_Amu
Mbona kofia za viua hamzitaji? Kwetu Lamu kina mama wanazishona nyumbani, kitundu kwa kitundu, kila kimoja kimezungushiwa uzi, na kofia moja nzuri inakula miezi. Lakini ni kazi ya mwanga wa mchana. Usiku utaharibu macho.

BiUkili (Wete)
Nyote mwasema nyuzi. Mimi nasuka ukili, ule utepe wa ukindu, majani ya mkindu, tangu sijavunja ungo. Ukindu waanikwa ukauke uwe mweupe, wachanwa membamba, unaotaka rangi wachemshwa nayo. Mkono ukishazoea, hutazami. Wasuka huku wazungumza, hata taa ikizimika wasuka. Ukili twaupima kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, kisha twaushona ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka.

Ila mwanangu, ukindu mkavu hukatika. Uweke katika kitambaa chenye unyevu. Na huko Morogoro sijui utaupata kwa nani, usije ukaagiza mzigo mzima kabla hujajua kama vidole vyako vinataka.

MamaWawili (Morogoro)
Shikamoo Bi, na asanteni wote. Nimechukua krosheti, sindano ya milimita 4, uzi rangi ya maziwa. Viraka navyo naanza kukusanya, fundi wa mtaani kanijazia mfuko wa sandarusi na kanishukuru mimi!

Sasa swali. Nafuma kitambaa cha mraba, kinatoka kama paa la nyumba. Mstari wa kwanza vitanzi 20, wa sita 15. Vile vitano vimekwenda wapi?

BiUkili (Wete)
Marahaba.

uzi_na_ndoano
Viko ukingoni. Kila ukigeuza kazi unaruka kitanzi cha mwisho, kwa sababu kinajificha. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mstari. Ukirudi hapo, ujue hujamaliza mpaka umekifuma na hicho. Hesabu kila mstari kabla ya kugeuza.

MamaWawili (Morogoro)
Kwa hiyo hiki nifanyeje?

uzi_na_ndoano
Fumua mpaka mstari wa kwanza. Pole.