BBC walifuta uvamizi wa London kwa mikono yao, leo wanatuuzia picha zilizoganda

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira tangu jana na naomba niitue hapa.

Nimekaa na mdogo wangu kuangalia The Web of Fear, hadithi ya mwaka 1968 ya Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya msafiri wa anga na wakati anayeitwa Doctor. London imehamwa, ukungu umetanda, mahandaki ya treni za chini ya ardhi yamejaa utando, na ndani yake wanatembea maroboti yenye manyoya, Yeti. Nimelipia kwa hela yangu halali. Sehemu ya 1 safi, ya 2 safi. Ya 3 ikaanza, picha ikaganda. Sauti inaendelea, watu wanafokeana gizani, lakini kwenye kioo kuna sura imesimama kama ya kitambulisho. Inakuja nyingine, nayo imesimama. Dogo akaniuliza kama bando limeisha. Aliyeniuzia hakuandika popote kwamba sehemu nzima haipo.

Na hiyo sehemu ndiyo tunayokutana na Lethbridge-Stewart kwa mara ya kwanza, wakati huo bado Kanali. Huyu ndiye baadaye, akiwa Brigedia, anapambana na wavamizi wa kila aina miaka na miaka. Unataka kuona mtu wa namna hiyo anavyoingia, unaonyeshwa picha mnato!

Waliofanya haya ni BBC wenyewe. Kanda za video za inchi 2 walizifuta wakarekodia vitu vingine. Zile kopi za filamu ya milimita 16 za kuuzia vituo vya nchi za nje, nazo nyingi zikaharibiwa, na mchezo huo uliendelea hadi mwaka 1978. Kati ya sehemu 253 za miaka 6 ya mwanzo, zaidi ya 90 ndiyo basi tena. Najua watakuja watu humu na utetezi wao: kanda zilikuwa ghali, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, televisheni ya rangi ilishaingia na nyeusi na nyeupe haikuwa na mnunuzi. Yote nimeyasoma, na bado siwasamehi. Kanda ilikuwa ghali, sawa, futa kanda. Ile kopi ya filamu iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa inakula nini pale stoo?

Maana kuna waliozitunza bila hata kuambiwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba The Web of Fear imepatikana Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, pamoja na The Enemy of the World. Sehemu 9 ambazo BBC hazikuwepo tena, zimekaa Jos kwenye vumbi miaka mingi. Aliyezifuatilia ni Philip Morris, msaka filamu zilizopotea, na kwa maelezo yake mwenyewe, alipoziona mara ya kwanza sehemu zote 6 za The Web of Fear zilikuwepo, ile ya 3 ikiwemo. Mzigo ulipofika, ya 3 haimo. Hapo ndipo moyo unaniuma zaidi, wakuu. Kitu kimenusurika kufutwa na BBC, kimevuka bahari, kimekaa salama miaka yote hiyo, halafu kinayeyuka njiani kikiwa kimeshaonekana kwa macho.

The Tenth Planet, hadithi nyingine ya Doctor Who ya 1966, ni hivyohivyo. Cybermen, viumbe nusu mtu nusu mashine, wanakuja kwa mara ya kwanza, sayari yao inanyonya nguvu ya dunia yetu, unafuatilia sehemu 3 roho mkononi, ya 4 ya kumalizia haipo. Kilichobaki ni vipande vifupi tu, kikiwemo kile cha Doctor wa kwanza anapobadilika mwili na sura kuwa Doctor wa pili, mwigizaji mwingine.

Na ukirudi nyuma zaidi utalia. The Quatermass Experiment, tamthilia nyingine ya BBC iliyoandikwa na Nigel Kneale, 1953, sehemu 6 zilizorushwa moja kwa moja. Mwanaanga anarudi duniani na kitu ndani ya mwili wake, kinamla kidogokidogo hadi anageuka dubwana ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Dubwana lenyewe Kneale alilichezesha kwa mikono yake: glavu zilizobandikwa majani na vipande vya ngozi, zikapenyezwa kwenye picha kubwa ya lile kanisa. Ningetoa hela nyingi kuona hizo glavu. Hazipo. Walirekodi sehemu 2 za mwanzo, ubora haukuwaridhisha, wakaacha. Kwenye hiyo ya 2 kuna mdudu aliyetua juu ya kioo cha televisheni walichokuwa wanakirekodi kwa kamera, unamwona kabisa. Mdudu tunaye, Westminster Abbey hatuna.

Sasa naomba jambo moja. Wadau wa Kenya na Uganda, nchi zenu zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Kama una baba, babu au jirani aliyefanya kazi kituoni enzi hizo, fundi, mtu wa maktaba, hata mlinzi wa stoo, muulize leo yale makopo ya filamu yalipelekwa wapi. Na mkiona kopo limeandikwa Doctor Who, msilifungue juani, msijaribu kulisafisha wenyewe, na tafadhali msimpe mtu kabla ya kupiga picha na kuandika limekabidhiwa kwa nani.

Nipo hapa usiku huu wote, anayejua lolote kuhusu ile sehemu ya 3 aje PM.