Kompyuta inajizima ghafla katikati ya gemu na joto liko kawaida: pawa saplai au kadi ya picha?

mlinda_lango

Wakuu, naomba msaada. Kompyuta inajizima gemu ikiwa inaendelea. Haigandi, haitoi skrini ya bluu, inakata tu kama mtu kang'oa plagi ukutani. Feni zote zinasimama. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia haiitikii kabisa, mpaka nizime swichi ya nyuma ya pawa saplai (kile kifaa kinacholisha umeme kompyuta nzima), nisubiri kidogo, ndipo inakubali kuwaka.

Vifaa:
- Prosesa Ryzen 7 5800X, inapozwa kwa feni, si maji
- Kadi ya picha RTX 3080 ya GB 10, yenye plagi mbili za pini 8
- RAM GB 32 DDR4, XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM kasi) imewashwa, kasi 3600
- Pawa saplai wati 650, daraja la Gold, ina miaka minne
- SSD mbili na feni tano za kasha

Joto la prosesa halizidi nyuzi 82, kadi 74. Draiva nimefuta na kuweka upya. Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, inaonyesha Kernel-Power 41 na hakuna kingine. FurMark, programu ya kuibana kadi kwa mzigo, imeenda dakika 20 bila shida. Kwenye gemu inaweza kukata ndani ya dakika tano au baada ya saa nzima, na mara nyingi ni pale ramani inapomaliza kupakia. Nichukue pawa saplai ya wati 1000, au kadi ndiyo inakufa?

bonyeza_tu

Toa vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa. Hizi za kujizima mara nyingi ni joto.

fundi_kebo

Pesti tuiweke pembeni kwanza. Prosesa ikizidiwa na joto haikati hivi hivi. 5800X inaanza kujipunguza kasi inapofika nyuzi 90, kwa hiyo ungeona fremu zinashuka na gemu inakuwa nzito kabla ya kuzima. Nyuzi 82 hujagusa hata hatua hiyo ya kwanza. Kadi nayo hivyo hivyo: kwenye 74 iko salama.

Jambo kubwa umeshalisema mwenyewe, mkuu. Kitufe hakiitikii mpaka uzime swichi ya nyuma. Hapo ni pawa saplai imejifunga. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi. Ikiona umeme unaovutwa umepita kiwango ilichowekewa, inakata kila kitu na kubaki imefungwa mpaka ipoteze umeme wa ukutani. Windows haiwezi kuifanya ijifunge hivyo, draiva haiwezi, RAM mbovu haiwezi.

Hiyo Kernel-Power 41 isikusumbue. Maana yake ni kwamba Windows ilipowaka iligundua haikuzimwa vizuri mara ya mwisho, basi. Ni matokeo, sababu haimo humo. Ila fungua Details, utafute BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, yaani umeme ulikatika chini yake. Ikiwa namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu ambayo hukuiona, na hapo mjadala unahamia kwenye RAM na draiva.

Sasa kwa nini FurMark inapita na gemu inakata? Kwa sababu FurMark ni mzigo mzito lakini tulivu. 3080 imewekewa wati 320, na FurMark inaibana hapo hapo bila kucheza. Gemu haiko hivyo. Ramani ikimaliza kupakia, kadi inatoka kwenye mapumziko hadi mzigo kamili kwa mkupuo, na kwa muda usiofika milisekunde moja inaweza kuvuta zaidi ya wati 450. HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, haioni kitu hicho, inasoma wastani tu. Saketi ya ulinzi inakiona.

Piga hesabu: 5800X ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani inaruhusiwa hadi wati 142. Mazabodi (bodi kuu), RAM, SSD na feni weka 70. Kwa wastani wa 320 wa kadi uko kwenye 530 hivi, na 650 inaonekana inatosha. Kwa mruko wa 480 uko karibu na 690. Pawa saplai nyingine za 650 zinavumilia hapo, nyingine zimewekewa mpaka wa karibu zaidi, na yenye miaka minne ya joto haivumilii kama ilipokuwa mpya.

Kabla ya kununua chochote nijibu mawili:

1. Kadi inalishwa na kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, au ni kebo moja yenye vichwa viwili?
2. Ikizima, monita inabaki na taa? Na je, kuna UPS (betri ya akiba ya umeme) au ekstensheni katikati?

mlinda_lango

BugcheckCode ni 0. Kebo ni moja yenye vichwa viwili, nilifunga hivyo ili kasha lionekane safi. Monita inabaki na taa, inaandika haina mawimbi. Kompyuta na monita ziko kwenye ekstensheni moja, UPS hakuna.

fundi_kebo

Basi ukuta na ekstensheni tuziondoe kwenye washukiwa wakuu, maana monita ingezima pamoja nayo. Bado ningechomeka kompyuta moja kwa moja ukutani wakati wa majaribio, ili jambo moja lipungue.

Kebo ndiyo pa kuanzia, na haigharimu kitu. Kila plagi ya pini 8 ya kadi ina nyaya 3 tu za volti 12, zilizobaki ni za ardhi na za utambuzi. 3080 ikivuta 320, kama wati 70 zinapita kwenye tundu la mazabodi na 250 zinapita kwenye kebo. Gawanya kwa 12, ni ampea 21. Kwa kebo moja kwa kawaida hizo zinapita kwenye nyaya 3, ampea 7 kila mmoja, bado si mbaya. Mruko ukija wa wati 450 unafika ampea 11 kwa waya. Volti inashuka njiani, pini zinapata moto, na pawa saplai iliyogawanya ulinzi wake kwa kila tundu inaona tundu moja limebebeshwa mzigo wote. Kebo mbili zinaugawa nusu kwa nusu.

Hatua:

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili chaji iliyobaki itoke. Toa kebo ya sasa na uiangalie pini moja moja kwenye mwanga. Plastiki yenye rangi ya kahawia, iliyolainika, au pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi, hiyo kebo isirudi tena. Angalia na plagi ya prosesa pale juu kushoto kwa mazabodi, pini 4+4, watu huisahau. Halafu funga kebo mbili, kila moja kwenye tundu lake la pawa saplai, na usukume mpaka usikie klik. Kile kichwa cha pili kinachoning'inia kwenye kila kebo kiache kikining'inia.

Cheza kama kawaida. Usibadilishe kitu kingine siku hiyo, la sivyo hutajua kilichosaidia.

volti_kumi_na_mbili

Naongezea kwa watakaosoma wakiwa na dalili tofauti kidogo, maana kujizima hakuko kwa aina moja.

Ikizima kisha ikajiwasha yenyewe: ondoa tiki ya Automatically restart kwenye mipangilio ya Windows ili skrini ya bluu ibaki ikiwepo. Ukiona bluu, zima XMP kwanza, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne. Kosa hata moja ni kosa.

Skrini nyeusi lakini feni zinaendelea, hasa feni za kadi zikipiga kelele kwa kasi ya juu: kadi imepotea kwenye mfumo. Inaweza kuwa kebo, kadi yenyewe, au kuovakloki (kuipandisha kasi kupita ya kiwandani). Hiyo si pawa saplai kujifunga.

Ikizima baada ya dakika 40 au zaidi, kisha ikakataa kuwaka hata ukichezea swichi, mpaka ipoe robo saa: ulinzi wa joto wa pawa saplai. Angalia kama feni yake inazunguka na kama imegeuziwa upande uliozibwa, mfano feni ikitazama chini na kasha limekaa kwenye zulia.

Kwa wenye UPS, someni wati, msisome VA. UPS ya VA 650 kwa kawaida iko chini ya wati 400, kompyuta kama hii inaizidi bila kutoka jasho.

Pawa saplai msiifungue. Kapasita za ndani zinabaki na chaji hata ikiwa imechomolewa, na hakuna cha kusafisha humo ambacho hewa ya kupuliza kupitia matundu haifiki. Lile jaribio la kuunganisha pini mbili kwa klipu ya karatasi linaonyesha tu kwamba inawaka bila mzigo. Ya mlinda_lango ingelipita bila wasiwasi.

mlinda_lango

Marejesho. Kebo mbili nimefunga. Kwenye ile ya zamani pini moja ina kivuli cha kahawia, kidogo. Siku mbili zimepita bila kuzima, jana usiku ikakata mara moja, vile vile wakati ramani inafunguka. Zamani ilikuwa mara tatu au nne kwa siku.

fundi_kebo

Kebo ilikuwa sehemu ya tatizo, haikuwa lote. Sasa fanya jaribio la kuthibitisha. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha Power Limit hadi asilimia 75, bonyeza alama ya tiki. Kadi itakaa kwenye wati 240 na miruko yake itapungua pia. Ndani ya gemu weka kikomo cha fremu sawa na monita yako, hata kwenye menyu. Menyu zisizo na kikomo huenda fremu mia kadhaa kwa sekunde bila faida yoyote.

Ikikaa siku nne tano hivyo, kisha ukarudisha 100 ikakata, una jibu. Ikikata hata kwenye 75, nitaanza kuitilia shaka kadi au mazabodi. Multimita ukiwa nayo, pima volti 12 kwenye plagi ya ziada ya pini 4, waya wa njano na mweusi, gemu ikiwa inaendelea. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikicheza kwenye 11.5 wakati wa mzigo, imechoka. Ikiwa 12.0 usiisafishe jina bado, multimita ni ya polepole mno kuona mruko wa milisekunde. Zile volti za kwenye programu usizitegemee kabisa, kuna mazabodi zinasoma 10 na mashine iko nzima.

volti_kumi_na_mbili

Badala ya kushusha wati tu, punguza volti za kadi. Unapoteza fremu chache sana. Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl+F, mchoro unafunguka. Kwanza shusha Core Clock (kasi ya chipu ya kadi) kwa megahezi 250 hivi ili mstari wote ulale chini, kisha shika nukta ya milivolti 850 uipandishe hadi megahezi 1800, rudi ubonyeze tiki. Nukta zote za kulia zinalala sawa na hiyo. Gemu ikianguka na kurudi kwenye dawati, shusha hadi 1750. Kwa 3080 nyingi hapo unapata pungufu ya wati 60 hadi 80 bila jasho.

mlinda_lango

Kwenye 75 siku tano, haijazima hata mara moja. Nimerudisha 100 leo asubuhi, imekata ramani ya pili. Kwa hiyo ni pawa saplai. Je, wati 1000 ni lazima?

fundi_kebo

Si lazima. Kima cha chini kilichopendekezwa kwa 3080 ni 750, na 850 inakupa nafasi ya kutosha. Ningetazama zaidi kama imejengwa kwa ATX 3.0, utaratibu wa kutengeneza pawa saplai, kuliko kuongeza wati. Utaratibu huo ulitoka 2022, na pawa saplai yenye ile plagi mpya ya kadi inatakiwa kuvumilia hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100, ambayo ndiyo hasa miruko inayokusumbua. Hiyo Gold haikusaidii hapa, ni kipimo cha umeme unaopotea kama joto, haisemi lolote kuhusu uvumilivu. Huko nyuma ulipouliza 1000 ungepata nafuu, lakini ile kebo yenye pini ya kahawia ungeihamishia kwenye mpya.

Na hilo ndilo la mwisho na ni kubwa: ukifunga mpya, toa kebo ZOTE za zamani, hata za SSD na ya prosesa, hata kama zinaingia sawasawa. Upande wa kifaa plagi zinafanana duniani kote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Volti 12 ikiingia mahali pa volti 5, SSD zote mbili zinakufa kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

mlinda_lango

Nimeelewa, 850 ya ATX 3.0 na kebo zake. Mpaka ifike naacha 850 mV na 1800, iko tulivu.