Pokémon GO baada ya miaka yote hii: nifufue akaunti ya 2016, nianze upya, au nihamie Ingress?

Kitumbua_Baridi
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua simu wiki iliyopita, na katika kuhamisha vitu nimekumbuka Pokémon GO, lile gemu la simu la kutembea mtaani ukishika viumbe wanaoitwa Pokémon. Nililicheza Agosti 2016 nikisubiri kuingia chuo. Rafiki alinirushia faili lake kwa Xender, nikazunguka nalo Mwanza hadi soli zikaisha, kisha Desemba nikaliacha. Sasa hamu imerudi. Nifufue akaunti ile ile, nianze sifuri, au niende Ingress au Monster Hunter Now, magemu mengine ya kutembea? Nakaa Buswelu, kazi mjini kati, simu ina RAM ya GB 4, bando la kuungaunga.

Mzee wa Kamanga
Mdogo wangu, kwanza jibu hili: uliingilia kwa Gmail ipi? Google walianza Desemba 2023 kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Kama uliifungua kwa ajili ya gemu tu ukaisahau, hapo hakuna cha kufufua, tupange mazishi.

Kitumbua_Baridi
Ni ile ile ninayoombea kazi hadi leo, mzee.

DadaNyakato
Basi ifufue, kaka. Watakuambia akaunti ya zamani ni nzuri kwa sababu ya ngazi. Ngazi si kitu, ile ya 2016 utaipita ndani ya muda mfupi. Mali yako ni tarehe. Pokémon aliyeshikwa Julai au Agosti 2016, ukibadilishana na rafiki, wote wawili mnapata wa bahati bila kubahatisha, mradi hamjajikusanyia wa bahati wengi. Wa bahati hula nusu tu ya vumbi la nyota, ile mali ya gemu unayolipia ukimkuza. Akaunti mpya hainunui kitu hicho kwa pesa yoyote. Mimi nilianza 2019, watu kama wewe nawatafuta kwa tochi.

Furu_77
Dada kasema kweli, ila kasahau jamaa anakaa wapi. Vituo vingi vya Pokémon GO, pale unapookota vifaa, vilitokana na milango ya Ingress, yaani sehemu halisi za mtaani zilizowekwa kwenye ramani ya gemu, ambazo wachezaji wenyewe walizipendekeza miaka ile ya mwanzo. Pasipokuwa na wachezaji wa Ingress, ramani ilibaki tupu. Mjini kati utaokota vitu ukienda kula chakula cha mchana. Buswelu utatazama barabara tu, kama shamba la pamba baada ya mavuno.

Ndiyo maana mimi nasema Ingress. Timu mbili, kijani na bluu, unateka mlango, unaunganisha mitatu, pembetatu ni yenu. Hebu piga picha mlango mmoja Mwanza, mwingine Ukerewe, wa tatu upande wa Sengerema. Maji yote hayo ya katikati yanageuka rangi yenu! Hakuna Pikachu atakayekupa raha hiyo.

Mzee wa Kamanga
Furu, na hao watu wa kwenda Ukerewe kuteka mlango unao? Ingress peke yako ni kucheza bao na ukuta.

Furu_77
Tuko wanne. Mmoja amehamia Geita 😅

Mgomba
Nitetee Monster Hunter Now kidogo. Lilitoka Septemba 2023, pambano moja ni sekunde 75, unamaliza daladala haijajaa. Peke yako linachezeka vizuri. Tatizo ni simu: yangu ya GB 4 inachemka kama pasi ya mkaa, na chaji inashuka ukiiangalia.

Jingine la kupima ni uhai wa gemu. Niliwahi kujenga akaunti nzuri kwenye lile la Harry Potter, Wizards Unite. Januari 2022 likafungwa, kila kitu kikaenda. Mwaka 2025 Niantic, kampuni iliyotengeneza magemu haya, waliuza Pokémon GO na Monster Hunter Now kwa kampuni ya Scopely, biashara ya dola bilioni 3.5. Aliyetoa hela hiyo hazimi taa kesho. Ingress halikuwemo kwenye mauzo. Siwatishi, Furu, nasema tu.

Mzee wa Kamanga
Hapo umegusa penyewe. Mdogo wangu, lifufue, na tangu 2018 kuna mpangilio wa kuhesabu hatua hata gemu likiwa limefungwa. Uwashe huo. Mayai ya Pokémon yanaanguliwa kwa umbali unaotembea, simu ikiwa mfukoni, bando linapona, na vibaka wa stendi hawajui una simu mpya. Daladala ikikimbia umbali hauhesabiwi, ila kwenye foleni ya Buzuruga nimewahi kuangua yai la kilomita 5 nikiwa nimekaa siti ya dirishani.

Halafu kuna Pokémon anayeitwa Tropius, ambaye 2016 hakuwepo. Hushikika zaidi Afrika: majani mgongoni, ndizi shingoni, utadhani katoka kwa Wahaya. Wageni wanamlilia. Weka wawili watatu.

Kitumbua_Baridi
Nimeingia! Nenosiri lilikubali mara ya tatu. Mfuko ulikuwa umejaa, Pidgey na Rattata watupu, hata nafasi ya kushika mmoja haikuwepo. Nimewatuma kwa profesa wa kwenye gemu karibu wote nikapata peremende za kukuzia Pokémon. Sasa pana nafasi ya kutosha.

DadaNyakato
Kaka. Umesoma nilichoandika?

Kitumbua_Baridi
Nimekisoma sasa hivi.

DadaNyakato
Hao Rattata wa Agosti 2016 ndio niliokuwa nawasema. Akienda kwa profesa harudi. Wamebaki wangapi?

Kitumbua_Baridi
Kumi na mmoja. Na Magikarp wawili niliowashika pale kivukoni Kamanga, niliwaacha kwa sababu nilikuwa nadunduliza peremende 400 za kumgeuza mmoja kuwa Gyarados.

DadaNyakato
Usiguse kitu chochote. Jumamosi nitakuwa Capri Point, uje na simu yenye chaji.

Furu_77
Pale Capri Point pana mlango wa kijani. Mkipita, mniachie.

Mgomba
Mzee, yule Tropius wa ziada bado unaye?