Kukausha nyama ya ng'ombe kwa moshi nyumbani: pipa, oveni au jua?

Ngosha_Buhongwa: Mwangaluka wakuu. Nataka kukausha nyama ya ng'ombe hapa home, ile nyembamba ya kutafuna yenye harufu ya moshi, Wamarekani wanaita jerky. Nna njia tatu: nikate pipa la kufukizia, oveni ya umeme, au chanja juani kama dagaa. Ya jua nilijaribu wiki iliyopita, kilo 2 za steki, siku ya pili mawingu yakashuka nyama ikaanza kuteleza na kunuka nikatupa yote, iliniuma sana. Ipi inalipa?

Mvuvi_Ukerewe: Pole ndugu yangu. Jua achana nalo. Dagaa ni wadogo, siku moja ya jua kali wamekauka, mnofu wa ng'ombe hauwezi, na huku ziwani usiku hewa ina unyevu alafu vuli ikianza ndo basi kabisa, nzi nao hawakuachi. Hata sangara tunambanika kwa kuni. Biltong, ile nyama kavu ya Afrika Kusini, inakaushwa kwa hewa tu ila wanaitia siki, chumvi na giligilani kwanza, na kule baridi yao ni kavu.

FundiPipa: Pipa mkuu, hutajuta. Moto uwe pembeni au chini kabisa, moshi upande taratibu, kuni za mwembe au mpera, msonobari usiguse maana utomvu wake unafanya nyama iwe chungu. Pipa lisiwe lililobeba kemikali hata kama umelichoma moto, tafuta la mafuta ya kula. Wavu uwe wa stenlesi, ule wa zinki ukipata moto haufai kwa chakula. Masaa sita hadi nane imekauka, vijidudu vyote moshi unaua.

MamaTabasamu: Fundi mengine yote sawa ila hapo mwisho hapana kaka angu, moshi wa uvuguvugu hauui vijidudu vyote. Nyama lazima ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi ndani, na ifike ikiwa bado mbichi yenye maji, maana ikishakauka nje wale bakteria wanakuwa sugu hata ukiongeza moto baadae. Mimi nachemsha vipande kwenye ule mchuzi wa viungo dakika chache, napima na kipimajoto, ndo naingiza kwenye oveni, mlango nauacha wazi kidogo mvuke utoke. Moshi naupata kwa kaa: kaa la moto kwenye kibakuli katikati ya sufuria ya nyama, natonesha mafuta, nafunika dakika kumi, mama mkwe wangu wa Tanga ndo alinifundisha. Shida ya oveni ni Luku, masaa yote hayo uniti zinakwenda.

FundiPipa: Nimekuelewa dada. Mi nilikuwa naingiza mbichi moja kwa moja, naona nibadilishe hasa ile ninayowapelekea watoto shule.

Ngosha_Buhongwa: Basi nachemsha kwanza alafu pipa, kuni za mwembe zipo nyumbani, oveni ibaki ya mvua. Na kukata je? Zangu zilikuwa nene nene.

MamaTabasamu: Mwambie wa bucha akupe mnofu usio na mafuta kabisa, mafuta hayakauki yanachacha. Weka friza saa moja mpaka ugande nusu, kisu kitapita vizuri, unene nusu sentimita usizidi. Ukikata kufuata nyuzi za nyama inakuwa ya kutafuna sana, ukikata kukingama inalainika, mimi wazee nawakatia hivo. Imeiva ukiikunja inapasuka ila haikatiki. Kilo moja inabaki kama gramu 400, usishangae.

Ngosha_Buhongwa: Asante sana dada. Chumvi je kwa kilo?

MamaTabasamu: Vijiko viwili vya chai, flati sio vya mlima, na saumu, tangawizi, pilipili manga. Ilale kwenye friji usiku mzima. Ikishakauka na kupoa weka kwenye chupa yenye mfuniko uirudishe friji, mwezi mmoja unakula bila wasiwasi.

Mvuvi_Ukerewe: Jumamosi ukiwasha hilo pipa leta picha tuone rangi.