Daktari wa mifugo kaweka chapati juu ya daftari langu la sungura. Natetemeka mpaka sasa

Mama Masikio (mleta uzi):

Wakuu, naandika nimesimama, kukaa nashindwa. Nimetoka pale sasa hivi. Mnamjua. Jina sitaji kwa sababu hakuna haja, kila mwenye kuku, mbuzi au mbwa upande wetu huu ameshapita mikononi mwake. Yule wa koti jeupe na kalamu nne mfukoni, inayoandika moja.

Nafuga sungura mwaka wa 11 huu. Nilianza na jike mmoja na dume mmoja, leo mabanda yamejaa mpaka mzee wangu anauliza na yeye atajengewa lini. Kila sungura nimemwandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu: kapandishwa lini, kazaa siku ya ngapi, kinyesi kikiwa kidogo nimeandika, kikikatika nimeandika. Mume wangu hajui siku yake ya kuzaliwa, lakini ya Bi Tatu mimi ninayo.

Sasa huyo Bi Tatu kagoma kula tangu jana saa mbili usiku. Kajikunja kwenye kona, anasaga meno, choo hakuna. Mwenye sungura anajua hiyo ni nini. Akipitisha nusu siku bila kula utumbo unasimama, na yeye si mbwa kwamba atatapika apate nafuu. Asubuhi nikamtia kwenye tenga na chupa ya maji ya barafu pembeni, joto hili la Dar linaua sungura kabla ya ugonjwa, nikaita bajaji, daftari kwapani.

Nafika. Shikamoo sikupewa, na kijana ni rika la kitinda mimba wangu. Anakunywa chai. Nikafungua ukurasa wa Bi Tatu nikauweka mezani ili tusaidiane. Wakuu. WAKUU. Akachukua chapati yake, inatiririka mafuta, akaiweka JUU YA UKURASA WA BI TATU. Kama sahani. Huku ananiangalia usoni.

Ndipo akauliza, "Haya mama, panya wako ana shida gani?"

Hakumpima joto. Hakumfungua mdomo aone meno ya nyuma. Tumbo hakuligusa. Akatoa amoksilini ya chupa, ile ya maji, ampe mdomoni. Nikamwambia kwa adabu, daktari mwanangu, dawa za ukoo wa penisilini sungura hapewi kwa mdomo, zinaua wadudu wema wa tumboni, wabaya wanabaki wanatoa sumu, baada ya siku chache unachimba shimo. Mwaka wangu wa kwanza nilizika wanne kwa dawa hiyohiyo, wako ukurasa wa 6. Akajibu, "Mama, mimi nimesoma miaka mitano. Wewe umesoma wapi?" Anasema hivyo anamega chapati. JUU YA DAFTARI. Kila akimega mafuta yanashuka, yameshafika mwezi wa tatu.

Yule mzee aliyekuwepo kabla yake, sasa kastaafu, alikuwa ananivutia kiti. "Wewe unamjua mgonjwa, mimi naijua dawa, kaa hapa." Yeye anapiga hesabu ya dozi, mimi nashika sungura, miguu ya nyuma nimeibana asije akapiga teke akajivunja mgongo mwenyewe. Ukurutu wa masikioni tuliufuta banda zima mimi na yeye, ivamektini sindano ya kwanza, siku ya 14 sindano ya pili, magamba tukayaacha yadondoke yenyewe. Na hakuwahi kula kitu juu ya kitu changu.

Nimembeba sungura wangu nimeondoka. Daftari nimelianika juani kama dagaa. Chapati jamani. Kwenye meza yenye nafasi!

Kuku Mgeni: Nawahi siti ya mbele.

Mtaa wa Pili: Hii ni chai. Na chapati yake imo humohumo.

Fundi Banda: Mtaa wa Pili nyamaza, huyo jamaa tunamjua. Kwangu alikuja kumtibu mbuzi akauliza supu itakuwa tayari saa ngapi. Mbuzi anamsikia.

Jogoo la Shamba: Sungura wa kilo tatu mtu anamkodia bajaji. Mama, mtie ndizi na nazi ulale.

Mama Masikio: Jogoo, wewe ukiugua tukutie nini?

Daktari Bila Koti: Mimi ni daktari wa mifugo, na siyo yule. Kwenye amoksilini ya mdomoni mleta uzi yuko sahihi, hapo hakuna mjadala. Ila na sisi mtusikilize. Chuoni ng'ombe unamsoma mpaka unamwota, sungura anapita kama mwendokasi iliyojaa, haisimami. Halafu mnatuletea mnyama ameshachomwa OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano) ya duka la pembejeo, kapewa Panadol nusu, kanyweshwa mwarobaini na kaombewa. Ukiuliza kapewa nini, "hajapewa kitu, daktari". Hapo tushirikiane kwa lipi?

Mama Masikio: Mimi nimeandika kila alichopewa, daktari. Ungesoma mwenyewe. Isipokuwa mwezi wa tatu, una mafuta.

Daktari Bila Koti: Wateja wangu wangekuwa na daftari kama hilo, chapati ningewanunulia mimi.

Sisemi: Samahani, chapati ilikuwa ya maji au ya kusukuma?

Mama Masikio: Ya kusukuma. Swali gani hilo?

Sisemi: Ya maji haivuji hivyo. Nakagua ushahidi.

Mtaa wa Pili: Hata ya kusukuma haivuji kama mpishi anajua kazi. Kosa ni la mama ntilie, daktari aachiwe.

Mkojo ni Mali: Nyie mnalia na daktari, mimi nalia na wale waliotukusanya ukumbini wakatuambia tufuge sungura, soko lipo, mkojo wenyewe watachukua lita kwa lita kwa ajili ya mbolea. Nina madumu 14 ya mkojo nyuma ya nyumba. Mke kahamia chumba cha watoto. Simu ya mnunuzi inaita tu. Kuna mtu humu anataka mkojo?

Kuku Mgeni: Na mimi walinipata ukumbi huohuo! Walitugawia soda.

Mkojo ni Mali: Soda ya moto.

Fundi Banda: Dumu unauzaje? Nina mchicha.

Daktari Bila Koti: Fundi, uchanganye na maji mengi kwanza, ukiumwaga mtupu unaunguza mchicha wote. Mama, Bi Tatu anaendeleaje? Kama tumbo limevimba na ni gumu kama ngoma usimlishe kwa nguvu, huenda ameziba, nitumie ujumbe pembeni nije. Daftari liwe tayari.

Mama Masikio: KINYESI KIMETOKA. Punje tatu, ndogo kama pilipili manga, saa kumi na dakika kumi. Kagusa na jani la mchongoma. Nimefungua ukurasa mpya, huu hauendi pale tena. Njoo tu baba, nitachemsha chai.

Jogoo la Shamba: Na chapati?

Sisemi: Huku kwetu chapati imefika 500, nyembamba, ukiiinua unamwona jirani.

Mtaa wa Pili: Njoo Tanga ule ya nazi uache kulalamika.

Sisemi: Ya nazi hiyo ni mkate, isijiite chapati.

Kuku Mgeni: Hapo sasa umegusa Tanga nzima.

Mama Masikio: Uzi ni wa DAFTARI jamani.

Mtaa wa Pili: Sisemi, nazi inatiwa kwenye unga au mwishoni? Jibu hilo kwanza.

Mkojo ni Mali: Madumu 13. Asante Fundi Banda, dumu tupu unirudishie.