Malaria imetufikia mlimani: nihame au nibaki?

Mzazi wa Mlimani: Wanajamvi, salaam. Tunaishi mlimani, mahali ambapo wazee wetu hawakuwahi kuhitaji chandarua, lakini mwaka huu watoto wangu wawili wamelazwa kwa malaria. Msitu wa jirani umekatwa na joto limezidi. Nimekwisha kutoa arbuni ya nyumba iliyo juu zaidi. Je, nihame?

Bintisiha: Pole sana, ndugu yangu. Mdogo wangu tulimtibu homa kwa kubahatisha kwa siku 4 bila kumpima damu, tukamzika. Mtoto akichemka, apimwe siku hiyohiyo.

Kaka Mkubwa: Miti tumeikata wenyewe. Pandeni mingine kabla ya kufikiria kuhama.

Fundi Maabara: Karibu na nyumba kuna maji yaliyotuama? Mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, na yai lake huwa mbu kamili ndani ya wiki 1 hadi 2.

Mzazi wa Mlimani: Nyuma ya nyumba kuna mashimo.

Fundi Maabara: Ya nani?

Mzazi wa Mlimani: Ni yangu. Nachimba udongo wa matofali, na matofali hayo ndiyo yanayowasomesha watoto haohao. Siwezi kuyafukia, ndiyo maana nimeamua kuwahamisha wao, kazi ibaki palepale.

Msomaji Kimya: Kisa hiki kimetungwa. Kwenye baridi ya mlimani hakuna malaria.

Fundi Maabara: Baridi ilikuwa kinga, lakini kinga hiyo inapungua. Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum hakikomai ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Kwenye nyuzi 20 huchukua karibu wiki 4, na mbu wengi hufa kabla, ilhali kwenye nyuzi 25 hukomaa kwa siku 12 hivi. Na kwa kuwa wakazi wa mlimani hawajazoea ugonjwa huu miilini mwao, hata watu wazima huzidiwa.

Bintisiha: Mwanzisha uzi, ukihama, majirani watabaki na nani?

Mzazi wa Mlimani: Nyumba 3 zinapakana na mashimo, na moja ina mtoto mchanga. Sikutaka kulisema hilo. Shimo nililokwisha kulimaliza nitaanza kulifukia kesho, lakini mawili bado nayahitaji.

Fundi Maabara: Hayo mawili yakaushe kila baada ya siku 5, hasa mvua zikianza, wala usisubiri kuona viluwiluwi.