Gari jipya linalia kwenye barabara za lava: nianzie wapi?

MamaHimbi

Bandugu, jambo. Gari ni SUV ndogo ya petroli, jipya, lina kilomita 1,800 tu. Kwenye lami ya barabara ya Kanyamuhanga, hapa Goma, liko kimya kabisa. Nikiacha lami na kuingia mitaa ya mawe, zinaanza kelele tatu. Ya kwanza ni trrr ya plastiki upande wa kulia wa dashibodi, karibu na kioo. Asubuhi na baridi inalia, kufikia saa sita imekoma. Ya pili ni tak-tak nyuma, kati ya kiti na mlango wa mizigo. Ya tatu ni ko-ko-ko chini mbele, nikiwa kwenye mwendo wa 10 hadi 20 km/h juu ya vijiwe vidogo. Kwenye shimo kubwa siisikii.

Usukani uko kushoto. Garanti bado inaendelea. Kijana mmoja anataka tufungue dashibodi tujaze sponji. Nikubali? Na kipi nisiguse?

FundiBirere

Mama, dashibodi isifunguliwe kwanza. Sauti ndani ya gari inadanganya. Inagonga kioo cha mbele na kurudi, kwa hiyo kitu kinacholia kwenye nguzo ya mlango utakisikia kana kwamba kiko kwenye dashibodi. Ukijaza sponji kabla ya kujua kinacholia, unabana kisichohusika. Tena klipsi za plastiki zikishang'olewa, nyingi hazirudi na mkazo ule wa kiwandani, na unapata kelele ambazo hukuwa nazo.

Tenganisha aina mbili za sauti. Ile ya kwi-kwi inatoka kwa vitu viwili vilivyogusana vinavyosuguana. Dawa yake ni kuvitenganisha kwa kitambaa chembamba au kuvipaka grisi ya silikoni. Ile ya trrr au tak-tak inatoka kwa vitu vyenye nafasi kati yao vinavyopigana; dawa yake ni kukaza au kuziba nafasi. Grisi haiponyi kinachogonga, na sponji ngumu mara nyingi huongeza kwi-kwi.

Anza na upepo wa mapine. Magari yanayosafirishwa kwa meli mara nyingi hujazwa upepo mwingi ili mapine yasijipinde kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja, kisha muuzaji anatakiwa kuupunguza. Wapo wanaosahau. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva: gari la aina yako kwa kawaida liko kati ya 2.2 na 2.4 bar. Pima asubuhi kabla ya kutembea, maana pine likipata moto hupanda 0.2 au 0.3. Ukikuta 3 bar na zaidi, shusha hadi namba ya karatasi ndipo usikilize upya. Usiende chini ya namba hiyo kutafuta ukimya. Kwenye mawe yetu yenye makali utakata ubavu wa pine.

Kisha toa vyote vinavyoweza kutoka: sarafu, miwani, chupa za milangoni, kitabu cha gari, zulia la sehemu ya mizigo, vifaa vya pine la akiba. Jeki inabaki mahali pake, lakini izungushe hadi ibane kabisa kwenye kishikio. Jeki iliyolegea kidogo tu inatoa tak-tak ileile unayoieleza. Kaza na boluti inayoshika pine la akiba.

Sasa mtafute mtu wa kuendesha, wewe ukae mahali kelele ilipo. Usitafute kelele huku umeshika usukani. Chagua kipande kimoja cha njia ya mawe, mwendo mmoja, vioo vimefungwa, redio na feni zimezimwa. Mwenzako akipita, bonyeza kwa kiganja kitu kimoja baada ya kingine: ukingo wa dashibodi, kifuniko cha nguzo, kisanduku cha glavu, kichwa cha kiti, kichuma cha mkanda. Kile ambacho ukikibonyeza kelele inakata, hicho ndicho au kiko jirani yake sana.

Kwa trrr ya asubuhi, nunua utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Bandika juu ya kiungo kimoja tu, kwa mfano pale dashibodi inapokutana na kifuniko cha nguzo, pita njia ileile, kisha uhamishie kiungo kingine. Ukibandika vitano kwa pamoja hutajua ni kipi kilichonyamazisha. Kukoma mchana kuna maana yake: plastiki hutanuka kuliko chuma mara kadhaa. Kipande cha mita 1 kikipanda nyuzi 20 hurefuka milimita 1 hadi 2, wakati chuma cha urefu huo hakifiki hata robo milimita. Asubuhi ya Goma plastiki imesinyaa, nafasi imefunguka, inalia. Kwa hiyo fanya jaribio asubuhi. Ukilipeleka garajini saa saba hawatasikia kitu.

Ukikipata kiungo, huhitaji kung'oa. Kata utepe wa kitambaa chenye manyoya, ule unaofungia nyaya za gari (Tesa 51608 ni mmojawapo), upana wa milimita 5, ukunje upande wa gundi uingie ndani, na uusukume kwenye ufa kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Usiushindilie. Ufa ukipanuka unahamisha kelele upande wa pili.

UmemeGari

Naongeza neno kwa hilo la mwisho, na naomba lisomwe na kila mmoja. Usukani ukiwa kushoto, upande wa kulia wa dashibodi una mfuko wa hewa wa abiria (airbag, ule unaofumuka gari likigonga). Kifuniko chake, na mistari ya kupasukia ambayo mara nyingine haionekani juu, visiwekewe utepe, sponji wala gundi. Nguzo za kando ya kioo nazo katika magari mengi mapya zina mfuko wa pazia ndani. Ukijaza sponji nyuma ya kile kifuniko, mfuko unaweza kushindwa kutoka, au ukarusha plastiki usoni mwa mtu.

Hiyo kazi ya kadi ya plastiki ifanyike tu pembezoni, pale plastiki inapokutana na plastiki, mbali na kifuniko cha mfuko, na bila kuingiza kitu nyuma ya nguzo. Soketi za njano chini ya viti na ndani ya dashibodi ni za mifuko ya hewa. Hata ukitaka kulaza kitambaa chini ya kiti, usizichomoe. Fundi anayelazimika kufungua sehemu hizo azime gari, atoe waya wa hasi wa betri, na asubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji kabla ya kugusa chochote.

JamaaKatindo

Kwa mipira ya milango mimi napulizia ile dawa ya kulainisha boluti zilizoganda. Kelele inaisha palepale.

FundiBirere

Inaisha palepale, ndugu, halafu inarudi na nyingine. Mpira wa milango mara nyingi ni EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, na mpira huo haupatani na mafuta ya petroli yaliyomo kwenye dawa hiyo: unavimba, unalainika, unapoteza umbo. Tena mafuta hayo yanashika vumbi jeusi la lava, na vumbi hilo linasugua rangi ya mlango kama msasa. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukauke kabisa, kisha pakaza grisi ya silikoni kwa kitambaa. Iwe nyembamba kiasi kwamba kidole kikipita kinatoka na unyevu tu. Gari zima halitumii zaidi ya gramu 5. Ikiwa ni ya kupulizia, pulizia kwenye kitambaa, si kwenye mpira, ili isifike kwenye kioo, pedali au diski za freni.

Kujua kama mpira unabana, funga mlango juu ya noti au karatasi na uivute. Itoke kwa kukaza kila upande. Pale inapoteleza, mlango haujakaa sawa. Hilo ni la garanti. Usigeuze mwenyewe kile chuma cha kufuli bila kukiwekea alama ya kalamu mahali kilipokuwa.

MamaHimbi

Aksanti sana, papa fundi. Mapine yalikuwa na 3.1 bar yote manne, nimeshusha hadi 2.3. Trrr ya mbele imepungua, na nikibonyeza kifuniko cha nguzo inakata. Hapo sitagusa, nitawaachia wenye garanti. Tak-tak ya nyuma bado ipo, jeki imekazwa. Ko-ko-ko haijabadilika hata kidogo.

FundiBirere

Ya nyuma, laza viti vya nyuma na upite njia ileile. Ikikoma, ni kufuli ya kiti: kile chuma cha U kinacheza ndani ya ulimi wake. Zungushia chuma mkunjo mmoja wa utepe wa kitambaa, funga kiti, kisha hakikisha ile alama nyekundu ya kufuli imezama. Isipozama utepe ni mnene, utoe, maana kiti kisichofunga ni hatari kuliko kelele.

Isipokoma, fungua mlango wa mizigo. Pembeni utaona vizuizi viwili vya mpira, kimoja kila upande, na katika magari mengi vinazunguka kama skurubu. Vifungue nusu mzunguko kila kimoja, kinyume cha saa, ili virefuke, funga mlango, jaribu. Ongeza nusu nyingine ikibidi, pande zote sawa. Mlango ukianza kudai nguvu kufunga, umezidisha, rudisha. Kapo (kifuniko cha injini) nayo ina vizuizi vya namna hiyo mbele karibu na taa, na kapo inayotetema kwenye mawe huponyeka hivyohivyo.

NjiaYaSake

Mama, ko-ko-ko ya chini ndiyo ya kushughulikia kwanza kuliko zote, kwa sababu dashibodi inayolia haitamuua mtu. Kabla ya kuinua gari fanya jaribio moja: kwenye mawe, kwa mwendo uleule wa 10 hadi 20, kanyaga freni kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiendelea, mahali pasipo na watu. Kelele ikikata papo hapo, ni plaketi (pedi) za freni zinazocheza ndani ya kishikio, mara nyingi klipsi imekaa vibaya. Isipokata, shuku biyeleti, vile vyuma vifupi vinavyounganisha baa ya kuzuia gari kuyumba na amortisa (shokamzoba). Kugonga kwenye vijiwe vidogo na kunyamaza kwenye shimo kubwa ndiyo tabia yao: kwenye shimo kubwa kifundo kinavutwa upande mmoja na uchezaji haupati nafasi, kwenye vijiwe kinapigwa huku na huku.

Usizipime gurudumu moja likiwa hewani. Baa inakuwa imejikunja, inabana kifundo, na uchezaji unajificha. Gari liwe juu ya shimo la garaji, magurudumu yote chini, mmoja alitikise kwa bega, mwingine ashike biyeleti kwa vidole. Kifundo kibovu utakisikia kinagonga mkononi. Kikiwa kizima, kaza nati yake kwa spana ya kupimia nguvu kwa namba ya mtengenezaji. Na fundi yeyote anayekaza boluti za silanbloki (mipira ya viungo) za mikono ya chini inayoshika magurudumu, akaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unajifunga katika mkao huo, na gari likishuka unajipinda na kuanza kupasuka.

Angalieni pia springi. Baadhi ya magari husafirishwa na vipande vya mpira au plastiki kati ya mizunguko ya springi ili yasicheze melini, na vinatakiwa kutolewa kabla ya mteja kukabidhiwa gari. Kwa kuwa upepo haukushushwa, huenda na hivyo havikutolewa. Gari lenye vipande hivyo linasimama juu kuliko kawaida na kugonga kavu.

Kisha chunguzeni kinga ya injini. Hapa Goma wengi huweka bamba la chuma chini mara tu gari linapofika, nalo hufungwa chuma kwa chuma. Weka vipande vya mpira vya milimita 3 au 4 kwenye kila boluti, mbali na bomba la moshi, na pawe na nafasi ya vidole viwili kati ya bamba na bomba. Lifungue ulisafishe: vijiwe vya lava hupenya kwenye matundu na kubiringika kila unapofunga freni.

Siku ukisikia kriii isiyokatika inayofuata mzunguko wa gurudumu, ni kijiwe kimeingia kati ya diski na bati lake la nyuma. Rudi kinyumenyume mita chache huku ukikata usukani huku na huku; mara nyingi kinaanguka chenyewe. Kisipoanguka, subiri diski ipoe, toa gurudumu, vuta bati kidogo kwa bisibisi bapa, mbali na diski, ibaki nafasi ya milimita 2 au 3. Maji baridi kwenye diski yenye moto hapana. Jeki iwekwe juu ya ubao mnene, si juu ya lava tupu inayovunjika, na gari lishikwe na stendi kabla mtu hajaingiza mkono.

UmemeGari

Kwa karatasi ya garanti: usiandike «gari linapiga kelele». Andika mwendo, aina ya njia, saa, upande, na kinachoikatisha: «trrr, nguzo ya kulia, asubuhi gari likiwa baridi, njia ya mawe, 15 hadi 25 km/h, ikibonyezwa inakata». Sauti iliyorekodiwa kwa simu inasaidia, simu ikiwa mkononi mwa abiria, si juu ya dashibodi. Omba fundi wao apande pamoja nawe, na gari lilale kwao usiku ili alisikie asubuhi. Wakilijaribu kwenye lami tu hawatasikia kitu. Wakisema hawakupata kitu, chukua karatasi ya kazi iliyosainiwa hata hivyo, yenye tarehe na kilomita, ili kelele ibaki imeripotiwa ndani ya muda wa garanti.